Chemsha bongo: Je, unaifahamu Nansha?

Leo tunawapeleka Nansha, wilaya ya kusini kabisa ya mji wa Guangzhou, mkoani Guangdong, mahali ambapo Mto Zhujiang unaingia baharini.

Swali la kwanza: Nansha ni wilaya au ni visiwa?

Jibu ni vyote viwili. Wilaya ya Nansha ilianzishwa mwaka 2005. Lakini Wachina pia wanaviita Nansha visiwa vilivyoko mbali katika Bahari ya Kusini ya China, ambavyo nchi kadhaa zinavigombania. Usivichanganye.

Swali la pili linagusa mfuko: Je, bandari ya Guangzhou iko mahali pamoja?

La. Ina sehemu kadhaa, zikiwemo Huangpu na Nansha, na Nansha iko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka katikati ya mji. Ndugu zetu wanaonunua bidhaa katika maduka ya jumla ya Guangzhou ili kuzipeleka Mombasa au Dar es Salaam wanapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa. Mkataba ukisema tu "bei ni hadi bandari ya Guangzhou", nani atalipa lori la kupeleka kontena Nansha? Andikeni jina la bandari. Na kontena likichelewa kufika bandarini, meli haisubiri.

Swali la tatu: Sanamu ya nani inatazama bahari huko Nansha?

Ni ya Tianhou, mungu wa kike anayewalinda mabaharia. Sanamu hiyo ilitengenezwa kwa mawe 365, idadi ya siku za mwaka. Hata Zheng He, baharia mashuhuri aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu, mwaka 1431 alisimamisha jiwe la maandishi mkoani Fujian kumshukuru Tianhou kwa ulinzi wake safarini.

Swali la nne huwaangusha wengi: Twiga wa kwanza kufikishwa kwa mfalme Yongle alitumwa kutoka wapi?

Wengi hujibu Malindi. Ukweli ni kwamba yule wa mwaka 1414 alitumwa kutoka Bengal, naye alikuwa ametokea Afrika. Twiga wa Malindi alifika mwaka 1415.

Swali la kesho: Mwaka 1839, huko Humen, ng'ambo ya mto kutoka Nansha, ofisa Lin Zexu aliharibu shehena ya bidhaa gani?