Fahamu: Kwa nini treni ya mjini haiongezwi mabehewa hovyo

Kagera haina reli, kwa hiyo mtu wa Chonyonyo, mkoani humo, hukutana na jambo hili akifika Dar es Salaam. Treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, maarufu kama "treni ya Mwakyembe" kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hujaa pomoni. Si waongeze mabehewa?

Jukwaa ndilo kipimo

Treni ikizidi urefu wa jukwaa la stesheni, mabehewa ya nyuma hubaki nje na abiria hulazimika kurukia kokoto. Uingereza, baadhi ya treni hufungua tu milango iliyo mkabala na jukwaa; walio nyuma husogea mbele ndani kwa ndani. Jaribu hilo saa ya msongamano!

Vikwazo vingine

Penye reli ya njia moja, treni lazima itoshe kwenye njia ya kupishania. Nguvu ya kichwa cha treni nayo ina kikomo.

Dar ina la ziada: reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, Reli ya Kati ya zamani 1,000. Mabehewa ya huku hayapiti kule.

Njia mbadala

Kuongeza safari, iwapo vichwa na nafasi ya njia vipo.