Likizo Fort Portal: Kwanza Uliza Empaako

Askari wengi wa jeshi na polisi waijuao Fort Portal walipelekwa huko kwa amri ya kazi, si kwa mapumziko. Mji huu, uliopandishwa kuwa jiji mwezi wa Julai 2020, uko kiasi cha kilomita 300 magharibi ya Kampala, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya chai. Aendaye likizo na aache gwanda kambini, achukue sweta kwa ajili ya baridi ya usiku, na aepuke miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Hayo ni mepesi. Zito ni ulimi. Kiswahili, tunachokipenda sisi kambini, wazee wengi wa nchi hii walikisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Ukimwambia mama wa sokoni, "Wewe, njoo hapa!", hata kama waulizia bei ya ndizi tu, yeye huona amekamatwa.

Batooro wana dawa yake. Kila mtu, zaidi ya jina lake, ana empaako, jina la heshima na mapenzi, mojawapo ya majina 12 kama Abwoli, Adyeri, Araali, Akiiki na Atwooki. Wakutanapo huulizana empaako kabla ya neno lolote, na hata mwenye hasira hupoa akiitwa hivyo. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hii katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mgeni asiye nayo aombe. Atapewa kwa furaha. Okaali tu asijichagulie, maana hiyo ni ya Omukama, mfalme wao. Tena tuseme "Mutooro", tusiseme "Mtoro": askari yeyote ajua mtoro ni nani.

Lakini si kila mkazi wa huko ni Mutooro. Bakonzo wa mlimani hawana desturi ya empaako, na mwaka 1962 wao na Baamba walitaka kujitenga na ufalme wa Tooro. Kumchanganya mmoja na mwingine ni kutonesha kidonda. Wapandao Rwenzori kwa njia ya Nyakalengija, wilayani Kasese, hupita katikati ya makazi yao. Kwa imani yao ya asili, theluji ya juu ni maskani ya Kitasamba, basi mzaha na matusi yabaki chini. Kiongozi wa njia ndiye mkubwa huko, hata kama mpandaji ni kanali.

Mwezi wa Juni 1998 waasi wa ADF waliwachoma moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na mji. Wazazi wao wapo. Wakitaka kusimulia, tusikilize. Tusiwahoji kama wapelelezi.

Ukikaribishwa karo na firinda, yaani ugali wa ulezi na maharagwe yaliyomenywa na kupondwa, nawa mikono ule. Na hotelini, lipa kabla hujadaiwa.