Nipe Mji

Kitendawili!

Tega!

Nyumba yangu, ardhi si yangu.

Mmefikiri weee, mmeshindwa. Basi nipeni mji. Mnanipa Diani? Naupokea kwa mikono miwili.

Nilikwenda Diani, nikazipita hoteli zinazotazama bahari, nikaingia Ukunda wanakopanga vyumba wapishi na watunza bustani wa hoteli hizo. Nikashuka Kinondo hadi Msambweni. Huko nikamkuta mzee amekaa kivulini, chini ya mnazi uliopandwa na babu yake, lakini hati ya shamba ina jina la mtu asiyemjua hata kwa sura. Jibu la kitendawili ndilo hilo, wajukuu zangu. Mwambao wetu una watu wenye kuta na paa, ila udongo wa chini ni wa mwingine. Mombasa wanaiita nyumba bila ardhi: nyumba umejenga mwenyewe, na kila mwezi unalipia uwanja ambao nyumba hiyo imesimama juu yake.

Ilikuwaje? Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria: anayedai ardhi ya mwambao aende akaiandikishe mbele ya ofisa. Wadigo wengi, wenyeji wa huku, waliijua ardhi kuwa ya ukoo. Mashahidi wao walikuwa minazi, visima na makaburi, si karatasi. Wengi hawakwenda. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, na baada ya uhuru wa 1963 ikarithiwa na serikali ya Kenya. Baadaye viwanja vingi vya ufukweni Diani vikagawiwa watu wa mbali.

Sasa sikilizeni vizuri. Mlango wa ardhi ulifungwa na sheria, na kwa hiyo sheria inaweza kuufungua. Ndiyo maana kazi ya mtunga sheria ni kubwa kuliko gari lake na walinzi wake.

Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa. Mwaka 2016 Bunge likaongeza vifungu katika Sheria ya Ardhi: mwenye shamba akitaka kuwaondoa watu waliokaa humo bila idhini yake, awape notisi ya maandishi ya miezi 3, na siku ya kuwaondoa utu wao uheshimiwe, watoto, wazee na walemavu walindwe. Tingatinga lisije alfajiri mkiwa bado usingizini.

Wapangaji nao wana sheria ya 1959 inayozuia kodi kupandishwa ovyo. Lakini mwavuli wake ni mdogo: humfunika anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi ikipita hapo, mpangaji ananyeshewa.

Nani ataupanua mwavuli huo? Mbunge wenu kule Nairobi, na kwa mambo ya mipango ya miji, wawakilishi wa wadi 20 za kaunti yetu ya Kwale. Mimi namwamini yule anayejua chumba cha Ukunda kinapangishwa kwa kiasi gani, aliyekaa mkekani na mama aliyepewa notisi, kisha akasimama bungeni kumsemea hata kama wenye majumba ni rafiki zake, hata kama yeye mwenyewe ana majumba. Ahadi ya jukwaani hupeperuka na vumbi la msafara. Iliyoandikwa kuwa sheria hubaki, na mpangaji anaweza kuishika mbele ya hakimu.

Nanyi msingoje kukua. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 119, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Andikeni. Na mheshimiwa akija kijijini, msimwimbie tu. Mtegeeni kitendawili: nyumba yangu, ardhi si yangu.

Akikijua, na ajibu kwa sheria. Akishindwa, desturi yetu anaijua. Mwambieni: tupe mji.