Msikilize mfanyakazi kabla ya kumhukumu

WAHENGA walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kumwongoza kila msimamizi kazini.

Mathalani, mfanyakazi aliyezoea kufika saa mbili kamili aanza kuchelewa. Msimamizi mwepesi wa hasira humkemea mbele ya wenzake. Mwenye utu humwita faraghani na kumuuliza kulikoni. Huenda anamuuguza mzazi usiku kucha. Zamu yake ikisogezwa kwa muda, kazi haitaharibika, naye hatalazimika kudanganya.

Hata hivyo, kumwelewa mtu si kumwachilia avunje kanuni. Wakubaliane siku ya kurejelea ratiba ya kawaida, na wenzake wasibebeshwe mzigo wake bila kuulizwa.

Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 chamtaka mwajiri anayenuia kumfuta mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au utendakazi duni amweleze sababu, kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza. Lakini kiongozi bora hangoji mambo yafike huko. Husikiliza mapema, jambo lingali dogo.