Elektroni ya Mwisho ya Shaba



Katekista wa Mutshatsha anaweza kuulizwa na kijana: «Kwa nini watu wa mbali wanatafuta mawe yetu?» Tukijibu «yana bei kubwa», hatujajibu. Bei inatoka wapi? Tuangalie ndani ya jiwe lenyewe.

Kila kitu kimefanyika kwa atomu, ndogo kupita macho yetu. Katikati yake kuna kiini chenyi protoni, na inje ya kiini kuna elektroni. Protoni na elektroni zinavutana, juu ya umeme wao wa namna mbili. Shaba ina protoni 29, basi elektroni zake vile vile ni 29.

Zinapangwa namna gani? Fikirini viti virefu vya kanisa. Kiti kilicho karibu na altare kina nafasi 2 tu, cha pili 8, cha tatu 18. Shaba imevijaza vyote vitatu, jumla elektroni 28. Ile ya 29 inabaki peke yake katika kiti cha nne, karibu na mlango. Kwa nini zote hazisongamani mbele? Kwa sababu elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja kabisa. Wolfgang Pauli alitambua sheria hiyo mwaka 1925.

Lakini tusifundishe mfano kama ukweli wenyewe. Elektroni haikai kitini, wala haizunguki kama sayari, kama Niels Bohr alivyoichora mwaka 1913. Tangu Erwin Schrödinger, mwaka 1926, tunasema tu mahali inapoweza kuonekana, kama wingu.

Ile elektroni ya mwisho haishikwi kwa nguvu sana. Katika waya wa shaba, elektroni za namna hiyo zinatembea toka atomu hata atomu, na mwendo wao ndio umeme.

Tazameni tena malakiti, jiwe letu la kijani. Ndani yake kila atomu ya shaba imepoteza elektroni mbili. Katika kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilichoanza mwaka 1960, mawe ya shaba yanayeyushwa kwa asidi. Kisha umeme unairudishia kila atomu elektroni zake mbili, na shaba nyekundu inashikamana na bamba. Kazi hiyo inataka umeme mwingi, uliotoka kwanza kwenye mabwawa ya mto Lualaba, Nzilo na Nseke, kisha toka Inga pia, tangu mwaka 1982. Kobalti, yenyi elektroni 27, inaweza kuachia elektroni na kuipokea tena mara nyingi, ndiyo sababu inatiwa katika bateri.

Basi kijana apewe jibu hilo. Shaba yetu inabeba umeme wa dunia, na huku nyumba nyingi za Lualaba bado zinawasha mshumaa. Muumba ameipangia hata elektroni nafasi yake. Kugawa kwa haki matunda ya jiwe ni kazi aliyotuachia sisi. Na mwenyi kuchimba bila kujua anachochimba, mwingine atampangia bei.