Unataka Kuovakloki PC ya Bei ya Chini? Soma Hii Kabla Uichome

Saa nane usiku, video ya ruracio ya mteja imefika asilimia 90, halafu mashine inazima. Pyu! Na stima iko. Shida ilikuwa mimi: nilikuwa nimesukuma prosesa kuliko bodi ingeweza kubeba. Nilianza kazi upya na mteja akanipigia asubuhi kabla nimalize. So kama hiyo PC ndio inakulisha, shika hii rada.

Kuovakloki ni kuambia prosesa ikimbie kushinda kasi ya kiwandani. Hesabu ni rahisi: 100 MHz mara namba fulani. Ukiweka 38 kwa BIOS, unapata 3.8 GHz.

Je, yako inakubali?

Zile Dell OptiPlex za ex-UK tunanunua tao huwa zimefungwa. Usijisumbue. Upande wa Intel, kawaida unahitaji prosesa yenye K kwa jina, plus bodi ya Z. AMD ndio rafiki ya msee hana doo: Ryzen 3 1200 ya 2017 iko wazi. Lakini bodi ya A320 itakukatalia, tafuta B350 ama B450.

Prosesa haina shida, cheki bodi

Kando ya prosesa kuna vipande vidogo vyeusi vinaitwa VRM. Kazi yao ni kushusha volti 12 za pawa saplai hadi kama 1.2 hivi. Bodi za bei rahisi ziko nazo chache, na mingi hazina hata chuma cha kupooza joto. Sasa ukipandisha volteji kutoka 1.2 hadi 1.35, joto la prosesa linapanda kama asilimia 27, hata kabla uongeze kasi. Unaeza ona prosesa iko digrii 70 ufikirie uko fiti, kumbe VRM ndio zinaiva.

Fanya hivi

Weka kazi yako kwa flash ama diski ya nje kwanza. Ingia BIOS, panda 100 MHz pekee, washa, kisha ichape na Cinebench ama OCCT huku ukicheki joto kwa HWiNFO. Ikitulia, panda tena. Ikianza kuzima ama kugwaya, ongeza volteji kidogo sana, na kwa hiyo 1200 usivuke 1.35. Joto likipita digrii 80, rudi chini. Feni ielekee pia upande wa VRM.

Mashine ikikataa kuwaka, usipanic. Chomoa stima, toa ile betri ya mviringo kwa bodi dakika chache, rudisha. BIOS inasahau dhambi zako.

Inalipa?

Ryzen 3 1200 yenyewe hufika 3.4 GHz. Ukiitoa hapo hadi 3.8, umeongeza kama asilimia 12. Kwa kurenda video utahisi. Kwa gemu, kama kadi ya grafiki ndio imechoka, hutaona kitu. Na kama uko na RAM moja pekee, mazee, ongeza ya pili kwanza. Hiyo haichomi bodi.

Mimi siku hizi niko 3.6 na nalala. Mteja haulizi GHz, anauliza video iko wapi.