Peru: Sehemu Tatu au Maeneo Manane?

Walimu wengi wa Kiswahili hutumia vifungu vya ufahamu kuhusu nchi za mbali ili kuwapa wanafunzi msamiati wa jiografia. Peru, iliyoko magharibi mwa Amerika ya Kusini, inafaa sana kwa kazi hiyo. Makala haya yanaeleza sura na tabia ya nchi hiyo, kisha yanagusia funzo la lugha lililomo.

Peru ina eneo la kilomita za mraba 1,285,216. Vitabu vingi huigawa katika sehemu tatu. Kwanza ni pwani, ambayo ni ukanda mwembamba wa jangwa kando ya Bahari ya Pasifiki. Pili ni milima ya Andes, ambako kilele cha Huascarán kinafikia mita 6,768. Tatu ni msitu wa Amazon upande wa mashariki, unaochukua takriban asilimia 60 ya nchi. Mji wa Iquitos, uliomo msituni humo, hufikiwa kwa mashua au ndege tu.

Kwa nini pwani iwe jangwa ilhali bahari ipo? Sababu ni mbili. Mkondo wa Humboldt huleta maji baridi kutoka kusini. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa na kuwa nzito, hivyo haipandi juu kufanya mawingu ya mvua. Aidha, milima ya Andes huzuia unyevu unaotoka Amazon. Ndiyo maana Lima, mji mkuu, hupata ukungu na manyunyu katika miezi ya baridi, Juni hadi Oktoba, lakini mvua ya kweli ni nadra. Wenyeji huyaita manyunyu hayo garúa. Haifai kuyatafsiri kuwa "vuli" wala "masika", kwa kuwa maneno hayo yamefungamana na majira ya Afrika Mashariki.

Hali hubadilika bahari inapopata joto. Wavuvi wa kaskazini mwa Peru waliona kuwa maji hayo ya joto huja karibu na Krismasi, wakayaita El Niño, yaani Mtoto, kwa maana ya Mtoto Yesu. Jangwa la Piura lilikumbwa na mafuriko mwaka 1983, 1998 na 2017. Kwetu, tangu mvua za 1997, jina hilo limekuwa karibu sawa na gharika. Hata hivyo, asili yake ni maji ya bahari, si mvua.

Mwanajiografia Javier Pulgar Vidal aliona kuwa mgawanyo wa sehemu tatu hautoshi. Mwaka 1941 alipendekeza maeneo manane, akizingatia mwinuko, mimea, mazao na majina ya wenyeji. Chala ni pwani, hadi mita 500. Yunga ni mabonde ya joto yenye matunda. Quechua, mita 2,300 hadi 3,500, ni nchi ya mahindi. Suni ni baridi zaidi. Puna, mita 4,000 hadi 4,800, ni malisho ya lama na alpaka. Janca ni vilele vya barafu, ambayo sasa inazidi kupungua. Upande wa mashariki kuna Rupa-Rupa na Omagua, yaani msitu wa miteremkoni na wa nchi tambarare.

Je, kuna tofauti gani? Neno "milima" peke yake humweka mkulima wa mahindi na mfugaji wa alpaka katika kapu moja. Majina ya wenyeji huonyesha zao lipi hustawi wapi. Jina likipotea, ujuzi huo nao hufifia.

Kiswahili nacho kina pwani, mrima, nyika na bara. Lakini tusiiite Puna "nyika", kwani nyika yetu ni pori kame la nchi ya chini. Afadhali tuseme "malisho ya baridi ya juu milimani". Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja ataje majina ambayo lugha yake ya mama huyapa maeneo ya kwao kwa mwinuko na mazao, kisha ayaeleze kwa Kiswahili bila kuyapunguzia maana.